Kitufe cha Sifuri

Juzi, katika gereji ya mji nisioujua, nilifungua mlango wa gari kuukuu la kifahari, na harufu ya viti vya ngozi vilivyopigwa na jua ikanirudisha Kibokoni, mtaa wa utoto wangu.

Baba alikuwa na gari kama lile, la mkono wa pili. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu za kijani, zikihesabu kilomita za kila safari. Baba alipoondoka, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe zikarudi sifuri. Aliporudi nilimsomea. Malindi, kwenda na kurudi, ilikuwa mia mbili na arubaini.

Safari moja alituaga anakwenda Malindi, akalala siku mbili. Aliporudi nikamkimbilia, nikapanda garini. Kioo kilionyesha sita. Kilomita sita hazimfikishi mtu hata Mtwapa, sembuse Malindi.

"Baba, kimeharibika?"

Alitupa jicho juu, kwenye dirisha letu. Kanzu yake ilinukia udi ambao haukuwa wa mamangu.

"Kimeharibika, mama. Wewe bonyeza tu."

Nikabonyeza.

Ndani, mama alikuwa akimimina chai. "Malindi hawajambo?"

"Hawajambo, wakusalimu," akajibu baba, akaweka mezani kikapu cha maembe.

Mama akanigeukia, akitabasamu. "Haya, dereva wangu. Leo gari limesoma ngapi?"

Baba hakunitazama. Alikuwa akichagua embe.

"Mia mbili na arubaini," nikasema.

Baba akanimenyea mimi embe la kwanza.