Mfungo wa Kabla ya Kupanda Mzani

Kariakoo mtu mnene anaheshimiwa. Nikikaa kwenye stuli pale dukani kwetu, tunapouza vitenge kwa jumla, mteja mgeni ananiita bosi hata kabla hajajua duka ni la nani. Wabeba mizigo ndio wananitania. "Mama bonge, stuli imeomba likizo." Nacheka nao. Hawajui kwamba mama yangu naye alikuwa hivi hivi, kule Moshi wakimsifu kwamba mume anamtunza, mpaka sukari ikamla mguu. Walimkata kidole kwanza, baadaye chini ya goti. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha.

Kwa hiyo kidole changu cha mguu kilipotoka kidonda kikagoma kukauka, sikungoja. Nilienda Upanga kwa daktari mmoja, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniambia dawa peke yake hazitoshi, ila wakinipunguza tumbo kwa upasuaji sukari inaweza kushuka na mguu ukapona.

"Bima ya mumeo inalipia, mama, lakini wana masharti. Uzito wako ukilinganishwa na urefu, uwe juu ya kiwango chao. Na tukupime kila mwezi, waone umejaribu kula vizuri na bado haijatosha."

Nilimwelewa. Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima ninayosoma tulikuwa tumefika kwenye uwiano, nikapiga ile hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la shule. Nilikuwa juu ya kiwango, lakini kwa kidogo sana.

Sikukosa mwezi hata mmoja. Ugali wa ngumi ya mtoto, mboga sahani nzima, chai bila sukari. Nikapungua kidogo, halafu mwili ukagoma. Daktari akasema ndivyo bima wanavyotaka kuona. Kikabaki kipimo cha mwisho.

Hapo nikawaambia akina mama wa jumuiya. Tunasali Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wetu, bibi wa watu mwenye sauti ya taratibu, akasema, "Jambo kubwa hivi haliombewi na matumbo yameshiba, wanangu. Tutafunga mpaka siku ya kipimo."

Wakafunga. Wauza nyanya wa Buguruni, wanaosimama juani tangu alfajiri, wanashinda na maji tu kwa ajili yangu. Mimi ningekulaje? Nikafunga nao, jioni uji kikombe kimoja. Mume wangu akauliza, "Daktari anajua?" Nikamjibu kwamba Mungu anajua.

Dukani wabeba mizigo wakaacha utani. Mmoja akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko salama lakini?"

Siku ya kipimo nilienda nikiwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikapanda mzani. Daktari akaangalia, akaniambia nishuke, nipande tena.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefunga, mwanangu. Tunaombea kibali."

Akakaa. Kwanza akanigombeza kwa ajili ya sukari, kwamba ningeweza kuanguka barabarani. Halafu akanigeuzia karatasi nione mwenyewe. Nilikuwa chini ya kiwango, tena kwa kidogo sana.

"Si uandike uzito wa mwezi uliopita?" nikamwambia.

"Nitakuwa nimeandika uongo, mama."

Sikumwomba mara ya pili. Ningeomba uongo kwa mdomo ule ule niliotoka kusalia?

Bima wakajibu kwamba mgonjwa ameweza kupungua kwa chakula, aendelee hivyo hivyo. Nilipoanza kula, uzito ukarudi wote. Daktari akawaandikia tena, wakasema nianze miezi yote upya. Nikaanza. Kidonda hakijui kusubiri miezi. Kile kidole hakipo tena, na jioni nikirudi kutoka dukani binti yangu ndiye ananiosha mguu na kunifunga bandeji. Anafanya polepole, haniangalii usoni. Nami nilikuwa simwangalii mama.

Jumuiya sikuwaambia yote. Niliwaambia bima wamekataa, basi. Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa kwangu. Wenzangu wakapiga magoti sakafuni, mimi nikabaki kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Baada ya sala bibi mwenyekiti akanishika mkono.

"Mwanangu, Mungu hajakataa. Tufunge tena?"

Akina mama wote wakanigeukia. Walikuwa tayari, niliwaona. Mmoja wa wale wauza nyanya alikuwa ameshakonda mashavu na hakuna aliyefunga kwa ajili yake.

"Tuombe tu, mama," nikasema. "Kufunga tuache kwanza."

Wakacheka, wakidhani nimeogopa njaa. Nikacheka nao, nikamwambia binti yangu alete chai na maandazi, wale washibe kabla ya kuondoka.