Aliyejua Kungoja Ni Mimi

Juzi binamu yangu alinitumia picha kwenye simu. Binti yake, aliyefikisha miaka kumi na miwili juzijuzi, amesimama chini ya mti uliokwisha kupukutisha majani, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, na mkononi ameshika upinde wa marehemu baba yangu. Chini yake binamu ameandika: “Mwanafunzi mpya.” Nilikuwa naosha vyombo. Nikafuta mikono, nikaikuza picha kwa vidole, nikautazama ule upinde mpaka maji ya vyombo yakapoa. Nitakuambia ukweli, rafiki yangu, maana tumezoeana: nilimwonea wivu yule mtoto. Mtu mzima mimi, nina mume na watoto.

Mama alikuwa na kanga iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”, na aliipenda kuivaa akienda kwa watu asiopatana nao. Basi mimi sababu ninayo. Kaa nikueleze.

Tulikuwa tunakaa Scarborough, huko Kanada, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, juu kabisa kwenye jengo ambalo lifti yake ilinuka bizari za nyumba zote. Baba alikuwa kiwandani, na huko mzee mmoja wa Kikanada, fundi mwenzake, ndiye aliyemfundisha kuwinda kulungu kwa upinde katika shamba lake, kaskazini ya mji. Usidhani ni ule upinde wa fimbo na kamba tuliouona kwenye vitabu vya historia. Huu ulikuwa wa chuma, una kapi mbili ndogo nchani, vigurudumu vya kupitisha kamba, na ukiuvuta bila kufundishwa bega lako litakushtaki wiki nzima. Nilimuuliza baba kwa nini asinunue bunduki kama wengine. Akasema bunduki inamaliza maneno mapema.

Kila mwaka majani yalipoanza kugeuka rangi, nyumbani kulikuwa na vita vya harufu. Mama akifukiza udi, baba anazikimbiza nguo zake za porini. Alizifua kwa sabuni isiyo na manukato, akazifunga kwenye mfuko pamoja na majani makavu aliyookota bustanini, akazitundika balkoni ili kulungu asije akanusa binadamu. “Nimeolewa na mtu anayekimbia udi,” mama alikuwa akisema. Lakini nyama ikiingia hakulalamika. Aliilaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, ikatoka mishikaki laini na sambusa za kugawa mlango kwa mlango. Jirani yetu, mama wa Kisomali, alizipokea bila kuuliza kama ni halali, kwani alijua baba haachii mshale kabla ya kutaja jina la Mungu.

Mwezi wake ulikuwa Novemba, madume wanapohangaika kutafuta majike. “Mwaka mzima kulungu dume ana akili kuliko wewe,” alikuwa akisema. “Siku anazotafuta mke, anakuwa kama kijana yeyote wa mjini.” Alikuwa na pembe mbili kuukuu za kugonganisha, dume asikie, adhani wenzake wanapigana, aje kuchungulia. Pembe hizo nilizitunza mimi, chini ya kitanda changu, zimefungwa kwenye taulo.

Na somo la kwanza la uwindaji kwa baba lilikuwa kukaa. Baada ya sala ya alfajiri aligeuza ndoo mbili pale balkoni, moja yake na moja yangu, tukakaa kimya kutazama pakingi. Hukohoi, hujikuni, huulizi. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa miguuni, unaisikia harufu na huigusi. Mikono inakufa ganzi. Mwisho wake ananiuliza umeona nini, nami namwambia: kindi kapita juu ya ukuta mara mbili, yule dada wa ghorofa ya chini kaenda kazini na viatu visivyofanana, upepo umegeuka. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Alinimiminia chai, basi. “Ukifika kumi na miwili sheria itakuruhusu,” aliniambia. “Tutakwenda.” Nikangoja.

Nilikuwa na miaka kumi binamu alipokuja. Mtoto wa shangazi, kutoka Tanga, kaja kusoma chuo, akalala kwenye sofa yetu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi sikupona. Kwanza alikuwa na Kiswahili. Baba alikuwa akiniuliza jambo kwa Kiswahili, nami nimeelewa kila neno, jibu linatoka Kiingereza. Binamu akifungua mdomo, baba anacheka hadi anafuta macho, wanatajiana mitaa na watu nisiowajua. Kiswahili hiki ninachokuandikia nimekijenga ukubwani, na sehemu kubwa ya matofali yake ni wivu.

Halafu akakalishwa kwenye ndoo. Ndoo yangu. Nilikuwa nawatazama kupitia kioo. Miguu yake ilitikisika, simu ikalia, akageuka kuona nani anafungua mlango wa gari. “Mjomba, ngoja ngoja huumiza matumbo,” akasema, na baba, ambaye mimi sikuruhusiwa hata kukohoa mbele yake, akacheka. Akapelekwa kwenye mafunzo, akapata kibali, na Novemba ilipofika nikaambiwa nizitoe pembe chini ya kitanda.

Jumamosi ile mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo nilichukuliwa, nikaachwa jikoni kwa mzee mwenye shamba. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, hakuwinda tena. Alikuwa na sufuria aliyoiweka kwa ajili yetu tu, isiyojua nguruwe, na humo alinikaangia matufaha kwa siagi. Nikasikia pembe zangu zikigongana kule mitini. Baada ya kitambo, kupitia dirishani, nikaona dume anatoka, shingo imevimba, mshale umemwingia nyuma ya bega. Alitembea taratibu, akapiga magoti kando ya uzio, akajilaza kwenye mabua ya mahindi.

“Mwacheni alale,” mzee akanong’ona kwa Kiingereza chake cha shamba, kana kwamba wangemsikia.

Mimi nilijua. Kulungu aliyelala unamwacha, unakaa, hata kama moyo unataka kutoka. Mshale uliotajiwa jina la Mungu umekwisha kumhalalisha, baba alikuwa amelirudia hilo mara nyingi. Lakini binamu alilelewa kwenye nyumba inayochinja yenyewe, na huko mnyama akianguka ni mbio, kisu, kibla, kabla roho haijatoka. Nikamwona anakatisha shamba, kisu mkononi, baba nyuma yake akipunga mikono yote miwili bila kutoa sauti. Dume akainuka. Akaruka uzio kama hana kitu, akapotelea upande wa pili.

Walifuata matone ya damu hadi jua likazama, hawakumpata. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilikaa kiti cha nyuma nikingoja baba ageuke aseme sasa ni zamu yangu. Alimshika binamu bega, akawasha gari. Jumamosi iliyofuata akamchukua tena.

Theluji ilipoyeyuka, kabla sijafika kumi na miwili, mzee aliliuza shamba. Sasa pale ni nyumba tu, zinafanana, kila moja na gereji yake. Bega la baba likaharibika kiwandani, na upinde akampa binamu, kwa sababu, alisema, kitu kisichovutwa kinakufa. Naye baba ameshatutoka. Sijui hata zile pembe zilikwenda wapi.

Basi juzi, baada ya picha, binamu akapiga. “Mdogo wangu, huyu mtoto hajui kukaa,” akasema. “Naomba nikuletee umfundishe. Nina ndoo.” Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati aliyefundishwa ni yeye. Akacheka kidogo. “Unakumbuka yule dume niliyemkimbiza? Tukiwa tunafuata damu, mjomba aliniambia: ‘Ningekuja na binti yangu, huyu mnyama angekuwa garini. Sijaona mtu anayejua kungoja kama yule mtoto.’ Sikukuambia?”

Hakuniambia. Wala baba hakuniambia. Nimekaa miaka yote hii nikimwonea binamu wivu wa msitu, wa Kiswahili, wa upinde, na kumbe kitu changu hasa alikuwa nacho mfukoni, hata hakumbuki kama alinipa. Nimemwambia amlete mtoto Jumamosi. Nimeshageuza ndoo mbili, na chai nitaitengeneza mimi. Yule mtoto akikaa vizuri, nitamwambia papo hapo, kwa mdomo wangu, kabla sijamimina.