Wimbo wa Mazishi Harusini

Nilikuwa nakanda unga wa chapati nilipousikia. Ulitoka kwenye simu ya binti yangu, pale mezani, nyumbani kwetu Washwood Heath, Birmingham, na mwanzoni nilidhani kuna msiba kwetu na amerushiwa video. Mikono ikaganda ndani ya beseni. Nikamuuliza, "Nani amekufa?"

Akacheka. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa. Akaniambia hakuna aliyekufa, huyo ni mama wa mchumba wake anajaribu kinanda. Huo ndio wimbo atakaoingia nao kanisani siku ya harusi.

Lo! Wimbo gani? Ule?

Ngoja nieleze, maana asiyetoka kwetu atadhani nina wazimu. Kwetu Taita, katika kanisa nililokulia, wimbo ule una kazi moja tu. Unaimbwa jeneza linapoinuliwa uani kupelekwa kaburini. Hauimbwi Jumapili, hauimbwi Krismasi, hauimbwi jikoni ukipika ugali. Mtoto akiupiga mluzi, nyanya yeyote aliye karibu atamzaba kofi na kumuuliza, "Unamwita nani?" Na wafiwa wenyewe hawauimbi. Mwenye msiba hunyamaza, wengine ndio humwimbia. Mimi niliwaimbia watu wengi nilipokuwa katika kwaya, kisha nikaimbiwa, siku tulipomzika marehemu mume wangu baada ya kumsafirisha kutoka hapa Birmingham. Tangu siku hiyo wimbo ule haujapita kinywani mwangu.

Sasa mwanamke wa Wales anamwekea huohuo mtoto wangu wa pekee anapoingia kwenye ndoa. Si bure, nikajiambia. Hapa kuna namna.

Na niseme ukweli, kuhusu yule mama machale yalikuwa yananicheza tangu siku ya kwanza. Anatabasamu kupita kiasi. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu anayetabasamu kabla hujamjulia hali. Alikuja kwangu na mkate mzito wa zabibu, akaketi pembeni ya kochi, akauliza kama nina mpango wa kurudi Kenya siku moja. Anataka kujua ya nini? Akaitazama picha ya marehemu ukutani muda mrefu, akasema alikuwa mwanamume mzuri. Nani alimuuliza? Halafu mbio mbio akajitolea: habari ya nyimbo tumwachie yeye, kwa sababu kanisa ni lao na kinanda anapiga yeye. Na watu wao wataimba kwa lugha yao. Lugha yenyewe huambulii hata neno moja. Wakimlaani mtoto wangu mbele ya madhabahu, mimi nitajuaje?

Nikampigia simu rafiki yangu, muuguzi, Mtaita mwenzangu tunayesali naye. Nilitaka aniambie napayuka. Badala yake akasema, "Dada, huo si wa kuchezea. Huo ni wa kutoa mwili." Akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba kuna akina mama ambao hawataki bibi arusi, wanataka mtoto wao arudi nyumbani tu. Nilikata simu na hofu nyingi kuliko niliyoanza nayo.

Basi nikamwambia binti yangu bila kupindisha maneno. Babake hayupo, mimi ndiye niliyekuwa nimshike mkono nimwingize kanisani. "Wimbo huo ukipigwa," nikasema, "mimi siingii ng'o. Tafuta mwingine wa kukushika mkono."

Akasema basi, ataingia peke yake, na akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Hakubishana, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtoto yule hubishana hata na mashine ya tiketi. Siku zile tukawa tunapishana nyumbani kama wapangaji. Gauni langu la harusi, nililolishonesha Sparkhill na kulisumbukia mpaka fundi akanichoka, lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Nililigeuzia mgongo.

Jumamosi nikavaa koti, nikapanda basi kwenda kanisani kwao, kanisa dogo la watu wa Wales waliohamia mji huu zamani. Sikumwambia mtu. Nilitaka kumkuta yule mama kabla hajajiandaa. Nikamkuta peke yake akipangusa kinanda kwa kitambaa, na alipogeuka akatabasamu, bila shaka.

Nikamuuliza bila hata salamu, jambo ambalo kwetu ni tusi, "Maneno ya wimbo ule yanasema nini?"

Akaweka kitambaa chini. Akasema inategemea namuulizia maneno yapi. Kanisani una maneno ya Mungu, lakini mahadhi yenyewe ni ya zamani kuliko hayo. Ulikuwa wimbo wa watu wa mashambani, wa kijana anayemsubiri msichana nje ya lango la kwao, na msichana hatoki. Watu wa kanisa waliyapenda mahadhi, wakayabatiza, wakayatia maneno ya dini. Baadaye yakasafiri na wamisionari, yakaenda kote walikokwenda.

Ala! Yaani wamisionari walituletea kijana anayetongoza langoni, nasi tukamtumia kuwazikia wazee wetu! Nusura kicheko kinitoke. Nikajikaza. Jibu lilikuwa tamu mno, na kitu kikiwa kitamu hivyo mimi huuliza nani ametia sukari. Nikamweleza wimbo ule kwetu una kazi gani, nikimkazia macho nione kama atashtuka au atajifanya kushtuka.

Alijishika mdomo. Uso ulimbadilika mpaka nikadhani ataanguka. "Lakini si mimi niliyeuchagua," akasema. "Mimi nilitaka mwingine kabisa. Binti yako alikuja hapa, akaniimbia mahadhi tu, akauliza kama nayajua. Hata jina hakulijua. Nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha."

Mwongo, nikasema moyoni. Mwongo wa mchana kweupe. Mimi nimfundishe mtoto wangu wimbo wa kutoa mwili? Nyumbani kwangu haujaimbwa hata siku moja, angeutoa wapi? Nikaaga kwa heshima, nimeuma meno, na katika basi la kurudi kupitia Alum Rock nikawa napanga kesi yangu: anamsingizia mtoto ili yeye atoke safi, na mtoto kwa upole wake atanyamaza.

Nikamkuta binti yangu anaosha vyombo. "Mkwe wako anasema wewe ndiye uliyeuomba wimbo ule," nikamrushia. "Anakusingizia, sivyo?"

Akafunga bomba. "Hapana, mama."

Alikuwa na miaka mitano tulipomzika babake. Siku ile mimi mtoto sikumwona. Sikuona kitu. Shangazi yake alimbeba mgongoni njia nzima, na nikaambiwa amelala, nikashukuru. Kumbe alikuwa macho. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, taratibu, kwamba hakujua lile sanduku ni la nini. Alichoona ni watu wamejaa kilima kizima, wakitembea na babake, wakiimba. Hapa Birmingham alimjua baba anayetoka kwenda kazini peke yake na kurudi peke yake. Hakuwahi kuona watu wakimfuata hivyo. Akaamini huo ndio wimbo anaoimbiwa mtu anayependwa sana, na alipokua akaelewa ulikuwa wa nini, ile imani haikumtoka.

"Upande wa baba hakuna hata mmoja aliyepata viza," akasema. "Nilitaka waje kwa njia hiyo."

Nikavuta kiti nikakaa. Nilikuwa na uchungu, na haki ya Mungu nilikuwa na hasira pia, kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumshuku. Nikamwambia nitamshika mkono. Hatukusema zaidi.

Lakini watu wetu wa hapa Birmingham sikuwaeleza. Kila nilipoinua simu nilishindwa nianzie wapi. Kwa hiyo siku ya harusi, tulipokuwa tumesimama mlangoni, yeye na shela lake na mimi na gauni langu, kinanda kikaanza na nikaona kosa langu. Watu wa Wales upande wa kulia walisimama wakaimba vinywa wazi. Watu wetu upande wa kushoto nao walisimama, kwa mazoea ya wafiwa wanaoimbiwa: vichwa chini, mikono mbele, kimya. Wengine walikuwa wakitafuta jeneza kwa macho. Rafiki yangu muuguzi akanigeukia, macho yamemtoka, nikaona wazi anajiuliza nani amekufa.

Binti yangu akasita. Aliomba aimbiwe, na nusu ya kanisa, nusu iliyokuwa yake, ilikuwa bubu.

Ningefanya nini? Maneno yetu ni ya kaburi, na maneno ya kaburi simwimbii mwanangu hata nikikatwa kichwa. Lakini kwaya za kwetu hazijifunzi wimbo kwa maneno. Tunaanza na do, re, mi, kila sauti na njia yake, tunarudia mpaka mwili uujue, ndipo maneno yanaletwa. Nikafungua kinywa nikaimba hivyo, do, re, mi, so, kama niko mazoezini. Sauti ilitoka imekwaruza. Rafiki yangu alinitazama kama mwendawazimu. Kisha akaelewa, maana naye ni mwanakwaya, akashika alto. Besi ikaingia kutoka viti vya nyuma, nzito, halafu nyingine, wanaume wa kwetu wakiinua vichwa mmoja baada ya mwingine, mpaka upande wa kulia ukageuka kutuangalia bila kuacha kuimba.

Kule kinandani mwendo ulipungua. Alikuwa anatusubiri, au alikosea tu? Yule mama nilimshuku hata pale, na mpaka leo sijamuuliza.

Binti yangu alikuwa analia, amesimama palepale kwenye kizingiti. Niliacha kuimba kidogo nikamwinamia.

"Tembea, mama," nikamwambia. "Wamekuja."