Wanaume Niliowaandika

Kaa karibu nami, wewe unayetaka kukijua kijiji kwa hesabu, nikueleze kosa langu polepole.

Mradi mmoja wa afya ulinipa fishi, karatasi za kuandika watu, nyumba kwa nyumba, katika kijiji cha dada yangu mkubwa, kupita Lusangi. Swali moja lilihusu wanaume wenye nguvu. Kule gari halifiki, na mama mwenye uchungu hubebwa kwa tipoi, machela ya miti inayowekwa mabegani, mpaka hospitali ya Kasongo. Mradi huo ulikuwa na pikipiki chache za kubeba wagonjwa, ukataka zianzie kwenye vijiji visivyo na wabebaji. Swali zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Nyumba ya kwanza, mke alikuwa akimenya mihogo na jirani zake.

"Wanaume wangapi hapa, mama?"

"Mumoja. Bwana yangu."

"Iko wapi?"

"Salamabila, kwenye zahabu. Muandike."

"Alienda tangu lini?"

"Yaya, uko naandika watu ao uko nazika watu?"

Jirani wakacheka. Nami nikacheka, nikaandika.

Kwetu mume aliyekwenda machimboni hatolewi katika hesabu ya nyumba, hata mavuno mawili yakipita bila yeye. Kumtoa ni kama kumwanzishia matanga. Nilijua hayo, nimezaliwa mle, ndiyo maana niliona haya kuandika sifuri mbele ya mke wa mtu. Nikaandika moja, mbili, pengine tatu. Kwa dada yangu, ambaye alikuwa na mimba, shemeji nilimwandika bila hata kuuliza.

Jedwali likatoka Kasongo, safi kabisa: kijiji chetu kina wanaume tele. Pikipiki ikaenda kwingine. Nilikimbilia kwa msimamizi, nikamweleza yote.

"Mama, sahihi ni yako," alisema kwa upole. "Tutasahihisha mzunguko ujao wa hesabu."

Mzunguko ujao! Tumbo la dada lilikuwa limekwisha kushuka.

Uchungu ulipomshika nilikuwa kwake. Tulitafuta wabebaji kijiji kizima. Tukapatikana wanawake wanne na mzee mmoja wa kikohozi. Kila mwendo mfupi tuliteremsha tipoi, tukabadilishana mabega, tukainua tena. Kwenye kijito mzee aliteleza, akapiga magoti majini, na dada akapiga kelele ambayo bado naisikia.

"Mudogo yangu," aliniambia alipopata pumzi, "wale wanaume uliandika, si uwaite sasa?"

Nilishika mti wa tipoi, nikalia huku natembea.

Tulifika Kasongo jua likiwa limeinama. Dada yangu alipona. Mtoto alitolewa kimya, bila pumzi. Muganga wa hospitali aliuliza tu kwa nini tumechelewa hivi, na wale wanawake wote wakaniangalia.

Mzunguko ule haujafika bado. Kule kijijini kuna mimba nyingine tatu ninazozijua, na jedwali langu lingali linatumika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika mlangoni na fishi yako, uliza nani walilala humu jana, uandike hao. Kisha chora mstari mwingine pembeni, umwandike humo yule wa machimboni, mke wake akiona.