Mume Wangu Ndiye Mnayemcheka Kila Jumapili

Admin, nifichie jina. Vitu vidogo vya kunitambulisha nimebadilisha mwenyewe. Niko na miaka thelathini na nne, watoto wawili, naishi upande wa Mlolongo. Nilisomea ushonaji, lakini kinachonilisha ni kuandika drama ya TV inayorekodiwa Machakos mjini. Kuandika sikufunzwa na mtu. Nilikaa tu nikisikiliza watu, na niliyemsikiliza zaidi ni mume wangu.

Ndani ya hiyo drama kuna mlevi anaitwa Baba Kasyoka, yule hupigia tangi la maji hodi akiuliza kama mwenye nyumba yuko. Mnampenda sana. Huyo ni mume wangu, dereva wa lori la kokoto, nimemwongezea kofia tu. Anajua, na anajivunia. Mwigizaji alipokuja kwetu kumsoma, mume wangu alimfunza vile yeye hutembea akiwa amelewa, wakala nyama, wakaachana kama ndugu.

Sasa, Baba Kasyoka akikasirika huvua saa polepole, anaitia kwa mfuko wa shati, halafu anasahau hasira na kuanza kutafuta saa. Watoto wa ploti wanaiga. Hata pasta wetu aliiga akihubiri, kanisa zima likavunjika mbavu.

Hapa nyumbani akivua saa, hasahau.

Hiyo ya kusahau ndiyo niliyotunga. Nilidhani nikiweka kicheko hapo nitaacha kuogopa. Kumbe nimempa mchezo. Jumamosi mchana chakula kilichelewa. Akasimama katikati ya nyumba, akavua saa akinitazama, anatabasamu. "Cheka basi, Mama Mueni. Si ni wewe uliandika?" Nikacheka. Watoto nao wakacheka. Halafu akawatuma dukani.

Jumatatu dairekta akaniita. Ni mama mtu mzima, hana maneno mengi. "Huyu mzee anachekesha, lakini amebaki palepale. Hakuna mtu ni vichekesho peke yake. Nionyeshe vile bibi yake huishi naye mlango ukifungwa. Watu waanze kucheka, halafu kicheko kiwakwame kooni."

Nikamwambia sijui mtu kama huyo huwa vipi ndani ya nyumba. Akajibu, "Kama hujui, nitampa mwingine aandike." Huyo mwingine namjua. Ataandika kofi, aweke muziki wa kuchekesha, na nyinyi mtacheka.

Nikaona nimjaribu mama mkwe. Nikamwambia tunafikiria kumfanya Baba Kasyoka ampige bibi yake. Alikuwa anachambua pojo, hata hakuinua kichwa. "Mwiitu, binti yangu, hiyo toa. Kijana wangu siku hizi anasalimiwa mpaka sokoni, unataka kumharibia jina? Baba yake alikuwa hivyo hivyo na hakuna mtu alimwandika." Akaniongezea chai.

Siwezi kuandika kwa siri. Skripti zangu mume wangu ndiye husoma wa kwanza, kwa sauti, akizunguka na sufuria kichwani kama kofia. Nikiandika vile alivyo, atajisoma kabla nyinyi hamjaona. Nikiandika uongo, nitaendelea kumpigia makofi mtu ambaye najua mkono wake. Na kabla mniambie nirudi kwetu Kivaa, jueni huko ndiko atanitafuta kwanza. Kaka zangu watamkaribisha vizuri sana, wanamwita Baba Kasyoka.

Nyinyi mliomzoea, niambieni ukweli. Siku Baba Kasyoka atampiga bibi yake kwa TV bila muziki, bila kusahau, mtaamini, ama mtasema mwandishi ameharibu kipindi? Nishaurini haraka. Dairekta anangoja, na huyu wangu kila asubuhi akinywa chai ananiuliza, "Mama Mueni, wiki hii nafanya vituko gani?"