Shuti la Kocha

Harufu ya nyasi zilizomwagiliwa maji katika uwanja wa mazoezi hapa Doha hunirudisha kwa kocha wetu wa utotoni, mzee Mnorwe aliyewahi kuichezea nchi yake. Siku ya kuchagua kipa, alitutaka tucheze bila mpira.

Tulipasiana hewa huku tukicheka. Kaka yangu, aliyeitamani nafasi ile kupita kiasi, alisimama golini.

“Kaka, angalia usidake nzi!” tulimtania.

Kocha alirudi nyuma, akapiga shuti. Kaka akaruka, akaanguka. Kicheko kilikatika: hapakuwa na upepo, lakini nyavu nyuma yake zilikuwa zikitikisika.

“Umeingia,” kocha alisema kwa upole, akamwita kipa mwingine.

“Niliugusa, wallahi,” kaka aliniambia, akinionyesha viganja vyekundu.