Mate ya Susu

Jana sokoni Migwani mzee mmoja alifungua kopo la ugoro karibu nami, na kifua changu kikahisi ubaridi, mahali palepale.

Susu, nyanya yangu, alinusa ugoro tangu alfajiri. Siku niliyoondoka kwenda shule ya bweni aliniita jikoni kwake, akafungua kifungo cha juu cha blauzi yangu mpya, akanitemea mate kifuani, kama wazee wetu walivyombariki mtoto anayesafiri. Yalikuwa baridi na yalinuka tumbaku. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mate ni magonjwa. Nikavuta mkono wa sweta nikajipangusa, yeye akiwa bado amenishika bega.

"Kwani ni machafu?" akaniuliza.

Nikafunga kifungo.

Nilipofunga shule nilimkimbilia. Hakunitemea mate. Alinipa mkono, na kabla ya kunipa aliupangusa kwanza kwenye leso yake. Alifanya hivyo kila likizo, mpaka ile ya mwisho nilipomkuta kitandani. Aliupangusa mkono kwenye blanketi, polepole, pande zote mbili, halafu akashindwa kuuinua.